Mstari wa Gatini na wa Majini

Mstari wa gatini hausemei wa majini. Maneno haya yalizaliwa kwa sababu ya siku ambayo babu yenu Wigbert aliacha kuwapo. Asubuhi ya siku hiyo alikuwapo: alikula muhogo wa kuchemsha akiwa amesimama, akaniambia chumvi imezidi, akaenda kazini. Jioni hakuwapo. Mama yenu wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kwenda shule.

Gisela, juzi ulikuwa ukimsifu yule kijana aliyekuja kujitambulisha. Ulisema ni mpole, na kwamba baada ya kula alisimama akaosha vyombo mwenyewe. Nikakujibu kwa methali hiyo. Mkacheka, na ndugu yako Menrad akauliza, "Sasa bibi, gati limeingiaje kwenye uchumba?" Nilisema nitawaandikia, kwa sababu habari hii nikiisimulia kwa mdomo huwa sifiki mwisho.

Basi mwanzo wake ni huu.

Nanguku yetu haikuwa na barabara ya magari. Mlima unashuka mpaka ziwani, mmeuona wenyewe. Aliyetaka hospitali, soko kubwa au sekondari alipanda boti kwenda Lukolo. Boti hiyo iliitwa Shukrani. Ilikuwa ya mbao, pana, injini yake ikiwa katikati chini ya kifuniko cha bati, na juu ilikuwa na paa la turubai ambalo kuta zake zilikunjwa watu walipotaka hewa. Ubavuni, kulia na kushoto, mkaguzi wa vyombo alikuwa amechora duara jeupe lililokatwa na mstari uliolala. Maana ya alama ile ilikuwa fupi. Pakia mpaka maji yaufikie mstari. Yakiufunika, umezidisha, shusha.

Babu yenu alikuwa msaidizi wa kapteni. Walimpeleka mafunzo, akarudi na historia ya mstari ule, akaisimulia mpaka sisi wa nyumbani tukaichoka. Alisema zamani, huko ng'ambo, wenye meli walizijaza mizigo meli zao kuukuu kupita kiasi, na baharia aliyekataa kupanda aliweza kufungwa jela. Meli zilizama, wajane wakawa wengi. Mwishowe ikatungwa sheria kwamba kila meli ichorwe mstari, ila sheria yenyewe haikusema uchorwe wapi. Mwenye meli aliachiwa achague mwenyewe.

"Unajua inasemekana nahodha mmoja aliuchora wapi?" alikuwa akiniuliza, kana kwamba sijawahi kuambiwa.

"Kwenye bomba la moshi," nilimjibu.

"Kwenye bomba la moshi!" Naye alicheka upya kila mara. Halafu alisema kwamba ilipita miaka mingi mingine, na meli nyingi nyingine, ndipo serikali za huko zikaamua mstari unakaa hapa, si pale. Hata ziwa letu lilifikiriwa. Maji matamu hayabebi kama maji ya chumvi. Boti huzama kidogo zaidi, na hicho kidogo kilikuwa kimeshahesabiwa kabla brashi haijagusa ubao.

Gati la Lukolo lilikuwa la mawe, limeingia ziwani. Shukrani ilifungwa kwa ubavu wa kulia, kwa hiyo aliyesimama gatini aliuona mstari wa kulia tu. Wa kushoto ulitazama maji. Kuuona ilibidi uzunguke na mtumbwi. Kazi hiyo ilikuwa ya Wigbert. Kapteni Longinus alisimama gatini, akainama, akasoma wa kulia, akaita, "Gatini wazi!" Na kutoka upande wa pili, mahali pasipoonekana, sauti ya Wigbert ilijibu, "Majini wazi!" Hapo ndipo kamba zilifunguliwa. Boti haikuondoka kwa jibu moja.

Kuna jambo jingine ambalo nyinyi wa leo hamlijui vizuri, nalo ni ukwe wa zamani. Siku hizi mkwe anakaa na mama mkwe wake kwenye kochi wanatazama taarifa ya habari. Wakati wetu, mkwe wa kiume hakumtazama mama mkwe usoni. Hakukaa naye mkeka mmoja. Hakumsemesha. Wakikutana njiani, yeye aliingia majanini mpaka mama apite. Wigbert akiwa na neno kwa mama yangu, aliniambia mimi, hata kama mama amesimama pale pale na anasikia kila kitu.

"Mwambie mama nimeleta kuni."

"Mwambie mkwe ahsante, aweke jikoni."

Na mimi katikati nikageuka huku, nikageuka kule, kama mlango. Hakuna aliyeona ni mzigo. Ilikuwa heshima, na nadhani ndani yake walipendana.

Baba yangu, Mwalimu Engelbert, alifariki katika hospitali ya Lukolo mwezi wa mihogo mipya. Alikuwa amefundisha watoto wa Nanguku kusoma na kuimba kwa muda mrefu kiasi kwamba hata wazee walimwita mwalimu. Ilikuwa lazima azikwe nyumbani. Ndugu walishuka milimani, wanakwaya walikuja kutoka vigango vya jirani, na asubuhi ile, baada ya mimi na Wigbert kulala Lukolo, gati la huko lilijaa watu. Nanyi mnajua kwetu: mtu anayekwenda msibani harudishwi. Anayemrudisha amejitenga na watu.

Jeneza halikuweza kukaa katikati kwa sababu ya injini, wala kulia kwa sababu pale ndipo mlango na njia ya kupitia. Likawekwa kushoto, likafungwa kwa kamba. Mama akakaa chini kando yake, mgongo ukielekea ukingo wa boti. Sisi wanawake tukamzunguka, tumeketi kwenye mikeka, tumebanana bega kwa bega. Chakula cha matanga, magunia ya mahindi na mchele, kikasukumwa huko huko kushoto chini na nyuma yetu, ili njia ya kulia ibaki wazi. Wanaume hawakai na wanawake penye mwili, kwa hiyo wao walibaki gatini wakisubiri kupanda mwisho.

Kwa hiyo boti ilikuwa imelalia kushoto, na gati lilikuwa kulia.

Kapteni Longinus alisimama gatini, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mzee Otmari," alimwambia baba yangu mdogo, aliyekuwa msimamizi wa msiba, "hawa wengine wasubiri safari ya kesho."

"Kesho asubuhi tunazika, Kapteni. Nitawaambia nini? Kwamba msiba umejaa?"

"Waambie boti imejaa."

Hapo akaingilia Kasembe, mtani wetu, ambaye kwa mila alikuwa na ruhusa ya kutania hata mbele ya jeneza. "Kapteni anaogopa maji kama paka wa padri! Kama ni uzito, mshusheni marehemu atembee kwa miguu. Huyu tangu akiwa hai ugali wake ulikuwa wa watu watatu!"

Watu walicheka. Hata mama, katikati ya kilio, nilimsikia akitoa pumzi puani. Kapteni hakucheka.

"Tazama mwenyewe basi," baba mdogo alisema, akiinama kwenye ukingo wa gati. "Mstari huu hapa. Mweupe kama meno. Kiganja kizima juu ya maji. Au macho yangu yamezeeka?"

Kapteni alitazama. Ilikuwa kweli. Mstari wa kulia ulikuwa mkavu kabisa.

"Tena haya ni maji matamu," Kasembe aliongeza. "Boti inaruhusiwa kuzama zaidi. Wigbert mwenyewe alitufundisha, akatumalizia na pombe yetu."

"Hicho kimeshahesabiwa," Wigbert alisema. Alikuwa anaikunja kamba, na hakuinua kichwa, kwa sababu Otmari naye alikuwa mkwe wake.

"Kimehesabiwa, kimehesabiwa! Mstari uko juu au hauko juu?"

"Uko juu, baba. Huu wa gatini uko juu."

Kapteni aliwatazama wanaume wale wote, wamevaa makoti yao ya msiba, wengine wametembea tangu jana yake. Akapumua. "Pandeni. Lakini siondoki bila jibu la majini."

Wakapanda, wakasimama kulia na nyuma. Boti ilishuka, na mstari wa kulia ukashuka nao, mpaka maji yakawa yanaugusa na kuuacha. Bado ulionekana. Kapteni akaita, "Gatini wazi!" na sauti yake haikuwa na furaha.

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mama, nikitazama maji. Kuta za turubai zilikuwa zimekunjwa kwa ajili ya joto. Mama alikuwa ameegemea ukingo, khanga imemwanguka mabegani, kichwa wazi, miguu imenyooshwa, kama anavyokaa mwanamke ambaye siku hiyo hana habari na macho ya watu. Mstari wa kushoto ulikuwa chini yake moja kwa moja. Mstari usingeweza kutazamwa bila yeye kutazamwa.

Niliona ncha ya mtumbwi ikitokea nyuma ya boti. Ikasimama. Nikamwona Wigbert, kasia mkononi. Alimwona mama. Akainamisha kichwa haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Ncha ya mtumbwi ikarudi nyuma, ikapotea.

Kisha: "Majini wazi!"

Kamba zikafunguliwa.

Sehemu ya kwanza ya safari ziwa lilikuwa limetulia. Wanakwaya waliimba nyimbo alizowafundisha baba, sauti ya pili ikikosea pale pale alipokuwa akiwagombeza. Tulipoipita rasi ya Mbenje, tukakutana na mwera, ule upepo wa kusini ambao haubishi hodi. Mawimbi yalianza kutujia kwa mbele, upande wa kushoto. Maji yalirukia ndani, yakatulowesha mgongoni. Hatukujali, msibani mtu hafikirii nguo. Nilihisi mkeka wangu umelowa, nikajua ni yale maji yaliyoruka. Sikujua kwamba chini ya mikeka magunia ya mahindi yalikuwa yakinywa maji na kuongezeka uzito.

Wigbert aliinua ubao wa sakafu karibu na injini, akachungulia. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Akaniita kwa kidole. Nikaenda nikiwa nimeinama, nikishika mabega ya watu.

"Adelgunda," alisema karibu na sikio langu, kwa sababu injini ilikuwa ikinguruma. "Sikuuona mstari."

"Mstari gani? Umesema wazi."

"Nilikisia. Mama alikuwa amekaa juu yake, vile alivyokaa. Ningemtazama vipi?"

Wimbi likaja, Shukrani ikalala kushoto, ikakawia kuinuka. Boti ikiwa nzima huinuka kama mtu aliyeitwa. Hii iliinuka kama mgonjwa.

Akamfuata Kapteni kwenye usukani. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia.

"Wa majini umezama, Kapteni. Sikuusoma."

"Uliniitikia wazi."

"Nilikuitikia."

Kapteni hakumtazama. Macho yake yalikuwa mbele. "Kurudi siwezi," alisema. "Nikigeuza hapa, mawimbi yatatukuta ubavu mzima. Njia ni moja, mbele, mpaka tuingie kivuli cha mlima, upepo usikofika. Wahamishe akina mama waje kulia. Polepole, mmoja mmoja. Wakikimbia wote pamoja, tumekwisha. Halafu magunia yatoke."

Wigbert akanigeukia. "Mwambie mama ahame."

Nikarudi kwa mama, nikapiga magoti, nikamwambia. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali.

"Mwambie mumeo," alisema, "mjane hauachi mwili kabla haujazikwa."

"Mama, boti inalala."

"Mwambie hivyo."

Wanawake wengine walisikia. Hakuna aliyesogea hata kidogo. Wangesogeaje, wakati mwenye msiba amekaa? Wakaendelea kuimba, tena kwa nguvu zaidi, nadhani ili wasiusikie upepo. Nikamtazama Wigbert aliyekuwa amesimama upande wa pili wa injini. Nilitikisa kichwa. Kati yake na sisi hapakuwa na umbali wa maana, lakini palikuwa na ukwe.

Wimbi lililofuata halikuruka. Liliingia. Lilipita juu ya ukingo taratibu, kama maji yanavyopita juu ya kizingiti cha nyumba, likajaa mapajani mwetu. Ndoo ikaelea. Mtoto wa mtu akalia. Na Shukrani ikalala kushoto, ikabaki imelala.

Ndipo Wigbert akavuka. Alipita katikati ya wanawake akiwa ameshika nguzo za turubai, akaja akapiga magoti ndani ya maji, mbele ya mama yangu, akamtazama usoni.

"Mama," alisema.

Wimbo ukakatika.

Baba mdogo Otmari alipiga kelele kutoka nyuma, "Wigbert! Una wazimu? Huyo ni mkweo!"

"Najua, baba." Hakugeuka. "Mama, mimi ndiye niliyesema majini wazi. Sikutazama. Nilikuona umekaa, nikageuza uso. Mstari uko chini ya maji na sisi tunaufuata. Ukikaa wewe, watakaa wote. Nyanyuka."

Mama alimtazama. Sijui kama aliwahi kumwona kabla ya hapo, nyusi zake, lile kovu dogo la kidevuni. Akaweka mkono juu ya jeneza.

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu nitakaa naye mimi."

Alimnyooshea mkono. Mama akaushika. Nilikuwa karibu nao, niliviona vidole vyao. Akanyanyuka, maji yakimchuruzika, Wigbert akampitisha kwangu, mimi nikampitisha kwa aliyefuata, mpaka akafika kulia akaketi kando ya bati la injini. Alipoketi, wanawake wote wakawa huru kunyanyuka.

"Mmoja mmoja!" Wigbert aliita. "Shangazi, wewe. Sasa wewe, dada. Msisukumane. Kasembe! Njoo huku mtani, uje uonje uzito wenyewe!"

Kasembe alikwenda. Hakuwa na utani mdomoni. Wawili hao wakaanza kuyatoa magunia kutoka chini ya mikeka na kuyatupa ziwani, mahindi yaliyolowa, mchele wa matanga, moja baada ya jingine. Wanaume wa nyuma walikuwa wakiteka maji kwa ndoo, kwa sufuria za msiba, kwa kofia. Kila gunia lilipotoka, niliihisi boti ikipata pumzi. Ilianza kuinuka. Mtu akasema, "Mungu ni mkubwa." Mwingine akaanza kulia kwa furaha.

Lakini maji yaliyokuwa ndani yalikuwa bado ndani. Boti ilipoinuka, yalikimbilia kulia yote kwa pamoja, boti ikayumba kulia. Kisha yakarudi kushoto kwa nguvu. Wigbert alikuwa amesimama ukingoni. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kamba ya jeneza, na mwingine umeshika shingo ya gunia. Aliachia mkono usiopaswa kuachiwa, ule wa kamba. Akaenda pamoja na gunia.

Kasembe alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanadamu. Akalichukua dumu tupu la mafuta, la njano, akalirusha. Tulimwona Wigbert akitokea juu ya maji, nyuma yetu. Aliinua mkono. Alilipata dumu.

Nilimfikia Kapteni, sijui kwa njia gani. "Geuza."

"Siwezi, dada yangu."

"Geuza, Kapteni, namwona! Ana dumu!"

"Nami namwona." Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, lakini mikono yake kwenye usukani haikusogea. "Tuna maji ndani. Nikigeuza, nitawapindua wote. Mama yako yumo. Niambie nimpindue mama yako."

Sikumwambia. Niliutazama ule mkono wake kwenye usukani, nikatamani kuuvuta, na mama alikuwa ameshanishika kiuno kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Tulitazama nyuma pamoja. Wimbi likipanda, tuliliona dumu la njano na kichwa kando yake. Likishuka, hatukuona kitu. Likipanda, tuliona. Halafu likapanda tukaliona dumu peke yake.

Tuliingia kivuli cha mlima, maji yakatulia. Kutoka ghuba ya kwanza wavuvi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walitoka wakamtafuta mpaka giza, na kesho yake, na siku zilizofuata. Walileta dumu. Baba tulimzika. Watu wote waliopanda Lukolo walikuwapo mazishini isipokuwa mmoja, na matanga yaliliwa kwa chakula cha majirani. Kaburi la Wigbert hatuna.

Baada ya matanga paliitishwa kikao uani kwetu. Alikuja ofisa kutoka wilayani akiwa na maswali yake. Kapteni Longinus alisema yaliyotokea, bila kujipunguzia. Lakini wanaume waliokuwa gatini hawakukubali. Baba mdogo Otmari alisimama na kofia mkononi.

"Mimi mstari niliuona," alisema. "Kwa macho yangu haya. Kiganja kizima juu ya maji. Kasembe shahidi, na hawa wote mashahidi. Boti haikuzidishwa. Kama si injini, ni usukani. Na kama si usukani," akashusha sauti, "ni mkono wa mtu."

Wengine wakaguna kuitikia. Hawakuwa wakisema uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Kila mmoja wao angeweza kuapa. Nikaona jinsi habari itakavyobaki: boti ilikuwa sawa, mstari ulionekana, Kapteni ni mzembe, Wigbert alikufa kwa uchawi. Na wiki ijayo Shukrani itapakiwa vile vile.

Mama alikuwa ameketi nyuma, mlangoni, amejifunika nguo nyeusi. Mjane aliye bado kwenye maombolezo hazungumzi kwenye kikao cha wanaume, hilo nalo lilikuwa mila. Akazungumza.

"Shemeji Otmari, hukusema uongo. Uliuona."

Wote wakageuka.

"Lakini uliouona ni wa gatini. Hata mimi ningekuwa gatini ningeapa kama wewe. Wa majini hakuna aliyeuona hata mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa juu yake, na mkwe wangu alinistahi. Mstari wa gatini hausemei wa majini."

Ofisa aliacha kuandika. Baba mdogo akaketi. Kasembe alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Na yeye mwenyewe," mama aliendelea, taratibu, "miaka yote hiyo nilimjua kwa upande mmoja. Kuni na salamu. Upande wa pili niliuona siku ile, kwa muda wa kunyanyuka tu."

Hakuulizwa zaidi.

Maneno yale yalitoka uani kwetu yakaenda gatini, yakapanda boti, yakafika Lukolo. Mwanzo waliyasema kwa habari ya mizigo tu. Baadaye wakaanza kuyasema penginepo: mtu akisifu shamba alilotazama kutoka barabarani, akimhukumu jirani kwa ugomvi uliosikika upande mmoja wa ukuta, akichagua kiongozi kwa hotuba yake. Siku hizi yanasemwa na watu ambao hawajawahi kuliona ziwa, na hawajui kwamba waliyapata kwa mama yangu.

Gisela mjukuu wangu, sijasema kijana wako ni mbaya. Vyombo aliviosha kweli; niliona, vilitakata. Ila hapa kwetu ni gatini. Amefungwa kamba, amevaa shati la ugenini, sote tumemtazama kwa upande uleule. Nenda kwao. Msikilize anavyomjibu mama yake chakula kikichelewa. Muulize aliyewahi kufanya naye kazi. Ukiona haya kutazama, ukajiambia kwamba kutazama ni kukosa heshima, mkumbuke babu yako ndani ya ule mtumbwi. Alikuwa na heshima kuliko watu wote waliokuwa pale. Mstari wa gatini hausemei wa majini.

Barabara ya magari imefika Nanguku, lakini boti bado inakwenda Lukolo, kwa sababu nauli yake ni nafuu. Inapobeba maiti, anayezunguka na mtumbwi kuusoma mstari wa majini hutafutwa nje ya ukoo wa marehemu na nje ya wakwe zake.